Kusaka reitingi ya sataranji, kuipata, kisha kuacha: mwongozo kamili kwa wachezaji wa Mtwara na Lindi

Kwenye baraza za Chikongola na Magomeni hapa Mtwara drafti ina wenyewe na bao lina wenyewe, na hakuna anayekuuliza reitingi, ile namba ya kupima uwezo wa mchezaji. Ukifungwa unapisha, mwingine anakaa. Sataranji ya kwenye simu haina kupisha: ukifungwa inakuletea mpinzani mwingine papo hapo, na pembeni inakuandikia namba yako iliyoshuka. Kwa hiyo anayetaka kusaka reitingi apange mambo mawili siku moja: namba anayoitaka, na namna atakavyoacha akishaipata au akiikosa. Wengi hupanga la kwanza, la pili wakaliachia lije lenyewe. Huwa haliji.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kazi zake, awe Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, Masasi au Nachingwea, anayejua tayari kete zinavyotembea.

Ijue namba kabla ya kuikimbilia

Hesabu ya reitingi inayotumiwa na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, iliasisiwa na Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria. FIDE waliichukua mwaka 1970. Kazi yake ni moja: kulinganisha watu wawili. Ukimzidi mwenzako pointi 100, unatarajiwa kuvuna pointi 64 katika kila michezo 100. Ukimzidi 200, pointi 76. Kwa mchezaji wa kawaida mwenye kigawe cha 20 (kigawe ndicho kinachoamua mchezo mmoja unabeba pointi ngapi), kumfunga mtu wa kiwango chako kunakupa pointi 10, na kufungwa naye kunakunyang'anya 10. Kumfunga aliyekuzidi 200 kunakupa kama 15, na akikufunga unapoteza kama 5 tu. Anayechagua wanyonge ili apande haraka ana hesabu mbaya: akimshinda aliye chini kwa 200 anapata 5, akiteleza mara moja zimeondoka 15.

Mtandaoni hesabu ni ya ukoo huohuo, ila imeongezwa kipimo cha uhakika. Kwenye mitandao ya kuchezea sataranji, Lichess wanatumia hesabu iitwayo Glicko-2 na Chess.com wanatumia Glicko. Ukifungua akaunti Lichess unapewa 1500 yenye alama ya kuuliza, yaani bado haina uhakika, na michezo ya mwanzo inaitupa namba huku na huku kwa pointi nyingi. Mgeni anaiona 1500, anadhani ni yake, jioni moja inashuka mpaka 1000 naye anazira. Hakuporwa kitu, maana ile namba haikuwa yake. Usiweke lengo lolote mpaka alama ya kuuliza iondoke na uwe umecheza angalau michezo 30 ya kasi moja.

Mambo mengine mawili huwachanganya watu. Kila kasi ina reitingi yake, kwa hiyo ya mchezo wa dakika 3 haihusiani na ya dakika 10. Na namba ya Lichess, hasa kwa wachezaji wa chini, mara nyingi husimama juu ya ile ya Chess.com kwa mamia ya pointi. Rafiki akikurushia picha ya skrini yake, uliza kwanza ni ya mtandao gani na ya kasi gani.

Hatua ya kwanza: andika namba, uwanja na tarehe

Nunua kauntabuku ya kwaya mbili. Ukurasa wa kwanza andika sentensi moja yenye vitu vinne: mtandao, kasi, namba, tarehe ya mwisho. Mfano: "Lichess, dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5, kutoka 1300 hadi 1500, mwisho Mei 20." Nyongeza ni sekunde unazoongezewa kwenye saa kila ukicheza mwendo. Chini yake andika maana ya "kufika", na hapa usifanye haraka.

Reitingi hupanda na kushuka hata uwezo wako ukiwa palepale. Mchezo mmoja wa mtandaoni, namba ikishatulia, hubeba pointi kama 7. Kwa mwendo huo, kuelea pointi 50 hadi 70 juu au chini ni bahati ya kawaida. Mwenye uwezo wa 1440 anaweza kuigusa 1500 Jumamosi moja, na Jumatano yuko 1410. Je, alifika? Ukisema kufika ni kugusa, kuacha ni rahisi lakini shaka inabaki, na shaka ndiyo inayomrudisha mtu. Sisi tunashauri kukaa: jumlisha reitingi yako baada ya kila mchezo katika michezo 20 ya mwisho, gawa kwa 20, wastani uwe umevuka lengo. Ukichagua kugusa, sawa, ila iandikwe tangu siku ya kwanza. Maana ya kufika ikibadilishwa katikati ya safari huwa inabadilishwa na mtu aliyefungwa usiku huo.

Sasa muda. Mtandao unakupa wapinzani wa kiwango chako, kwa hiyo hata anayepanda vizuri hashindi sana: 55 kwa 100 ni kazi nzuri. Kwa pointi 7 kila mchezo, asilimia hiyo inakuachia faida ya pointi 0.7 kwa mchezo. Pointi 200 ni michezo 286. Ukishinda 52 kwa 100, ni michezo 714. Hesabu hii irudie kabla ya kuahidi kupanda pointi 500 kwa miezi miwili.

Michezo 286 kwa mwendo wa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni wiki 19. Mchezo wa dakika 10 na sekunde 5 ukifika miendo 40 hauzidi dakika 27 kwa wachezaji wote wawili, kwa hiyo jumla ni chini ya saa 130 za kucheza, bado mazoezi.

Wiki hizo 19 ziweke wapi? Huku kwetu kalenda inashikwa na korosho. Kuanzia Oktoba minada imepamba moto, mwenye shamba yuko shambani, karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yuko ghalani mpaka usiku, na bodaboda hawalali. Mwaka ukianza pilikapilika zinapungua. Kuanza wiki ya pili ya Januari kunakufikisha katikati ya Mei, kabla ya kupulizia salfa kushika kasi. Mwalimu atazame mihula, mvuvi atazame bamvua na maji mafu. Lengo linaloangukia Novemba kwa mtu wa Tandahimba au Newala limeshakufa kabla halijaanza.

Hatua ya pili: ubao wa kweli

Anayefanyia kazi zote kwenye simu anafunzwa na simu kuharakisha. Kwa mazoezi na kupitia michezo uwe na ubao. Plaiwudi ya sentimita 50 kwa 50 inatosha: chora vyumba 64 vya sentimita 5.5, jumla 44, pembeni zibaki 3 za kuandika a hadi h na 1 hadi 8. Chumba cheupe kikae mkono wako wa kulia.

Kete unaweza kuagiza kwa mchongaji, mpingo kwa nyeusi na mti mweupe kwa nyeupe. Mpe vipimo vya FIDE kwa maandishi, usimwelezee kwa mikono: mfalme sentimita 9.5, malkia 8.5, askofu 7, farasi 6, ngome 5.5, askari 5. Kitako cha mfalme kiwe kama sentimita 4. Makosa ya kawaida ni vitako vyembamba, kete zikaanguka kila feni ikiwashwa, na askofu na askari kuchongwa kichwa kimoja. Mwambie achonge kete moja moja ya kila aina uzione, ndipo amalize 32.

Ubao ukionekana barazani, atakuwepo mzee wa kuuliza hukumu yake. Wanazuoni wametofautiana: wapo wanaosema haramu, na madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani hii, yanajulikana kwa kusema makruhu pasipo kamari na pasipo kupitisha swala. Dau usiweke, hata la soda.

Hatua ya tatu: fanya mazoezi ya kinachokufungisha

Chini ya 1500 michezo mingi haiamuliwi na ufunguzi. Inaamuliwa na kete iliyoachwa wazi. Kwa hiyo dakika 20 za mafumbo kila siku, ya mada moja kwa wiki: farasi anayetishia kete mbili kwa mpigo, kete isiyoweza kusogea kwa sababu nyuma yake yupo mfalme, mfalme aliyebanwa mstari wa nyuma. Fumbo usilolipata ndani ya dakika 3 tazama jibu, liandike, lirudie siku ya tatu. Programu ya Lichess huhifadhi mafumbo kiasi kwenye simu, kwa hiyo bando likiisha mazoezi yanaendelea. Mchezo wenyewe unakula MB kidogo sana. Video za masomo ndizo zinazomaliza bando, na nyingi zinakufanya ujisikie umejifunza.

Ufunguzi chukua mmoja wa nyeupe na mmoja wa nyeusi dhidi ya kila askari wa kati, basi. Jifunze miendo 6 ya mwanzo na sababu ya kila mmoja. Mfano wa sababu: nyeupe anacheza askari e4, wewe askari e5. Anacheza askofu c4, wewe farasi c6. Anatoa malkia h5. Mgeni hapa hutoa farasi f6 ili amfukuze malkia, na mchezo unaishia papo hapo: malkia anakula f7, chumba kinacholindwa na mfalme peke yake, na mfalme hawezi kumla kwa kuwa askofu wa c4 anamlinda. Jibu ni askari g6. Malkia akirudi f3 kuitazama f7 tena, ndipo farasi f6 inafaa, maana sasa anaziba mstari. Aliyekariri "toa farasi mapema" anafungwa kwa miendo minne. Aliyeuliza "anatishia nini?" hafungwi.

Mwisho wa mchezo usiupite. Mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme peke yake: mfalme atangulie mbele ya askari wake, asikae nyuma kumsukuma. Askari akiwa wa mstari wa a au h, na mfalme wa mpinzani akawahi kona, ni sare hata ufanye nini.

Kila mchezo uliofungwa upitie kwa dakika 10 kwenye ubao bila kompyuta, andika sentensi moja, ndipo uwashe Stockfish, programu ya kompyuta inayochambua michezo. Sentensi iwe ya namna hii: "Februari 12, nyeusi, nimefungwa. Mwendo wa 17 nimehamisha farasi aliyekuwa akilinda ngome." Ukianza na kompyuta, itakuonyesha kosa na wewe utaitikia, kesho utalirudia. Baada ya wiki nne hesabu sentensi zinazofanana. Nusu yake zikiwa za muda kuisha, mafumbo hayatakusaidia. Badili kasi, ongeza nyongeza.

Hatua ya nne: sheria za mchezaji aliyekasirika

Ziandike ukiwa mtulivu. Ukifungwa mara mbili mfululizo, simu inawekwa chini mpaka kesho. Hakuna mchezo wa reitingi baada ya saa 4 usiku. Hakuna mchezo ukiwa unasubiri kivuko cha Msangamkuu au ukiwa foleni ya benki, kwa sababu zamu yako ikifika utaacha saa inakimbia. Umeme ukikatika na chaji iko chini ya 20, usianze. Mtandao ukipotea katikati, saa yako haisimami na mpinzani anaweza kudai ushindi, hivyo sehemu zenye mtandao wa kusuasua chagua michezo yenye nyongeza ya sekunde.

Kubwa kuliko zote: anayelipiza huwa hasaki tena reitingi, anasaka ile pointi 40 aliyoipoteza saa moja iliyopita. Siku moja ya namna hiyo hufuta kazi ya karibu wiki nne, na hesabu ya 0.7 kwa mchezo inaonyesha kwa nini.

Kutumia kompyuta kukuchezea, au kufungua akaunti ya pili ili uanze upya na namba safi, kunaweza kukufungia akaunti. Hata usipokamatwa, namba hiyo haikuambii lolote.

Ukitaka reitingi ya FIDE

Hii haipatikani kwenye simu. Unahitaji kitambulisho cha FIDE kupitia chama cha taifa, halafu angalau michezo 5 dhidi ya wachezaji wenye reitingi, katika mashindano yaliyosajiliwa. Tangu Machi 2024 namba ya chini kabisa ni 1400: ukicheza chini ya hapo hutokei kwenye orodha. Mpaka utimize michezo 30 kigawe chako ni 40, yaani namba inapanda na kushuka mara mbili ya kawaida.

Kwa mtu wa Mtwara, hilo mara nyingi ni safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550. Fika siku moja kabla. Kushuka Mbagala jioni na kukaa mezani asubuhi baada ya kutwa nzima ndani ya basi ni kugawa pointi. Wakati wa masika fuatilia hali ya barabara eneo la Somanga kabla ya kulipa ada ya kushiriki.

Hatua ya tano: kuacha

Wastani umevuka. Siku hiyohiyo usicheze mwingine, hata wa kujifurahisha. Kisha fuata mpangilio huu, na mpangilio una sababu.

Anza na michezo ambayo haijaisha. Kama una michezo ya masafa, ile ya siku kadhaa kwa mwendo mmoja, imalize au ukubali kufungwa. Ukiiacha itakufungisha kwa muda na kuishusha namba ukiwa hupo, nawe utarudi "kurekebisha". Jiondoe pia kwenye mashindano uliyojiandikisha.

Pili, pakua michezo yako yote. Lichess wasifu wako una sehemu ya kuipakua kama faili la PGN, lenye miendo yote kwa maandishi. Jitumie kwa barua pepe, usiiache kwenye simu tu. Piga picha ya ukurasa wa reitingi, ibandike au iandike kwenye kauntabuku, ukurasa uleule wa kwanza.

Tatu, kama ulijiunga na huduma ya kulipia, katisha malipo kabla ya kufuta programu. Kufuta programu hakusimamishi makato.

Nne, waambie wenzako wa kucheza, zima grupu la changamoto la WhatsApp, ndipo ufute programu. Ukifuta kimyakimya, ujumbe wa kwanza wa "njoo moja tu" utakukuta huna jibu.

Akaunti yenyewe ifungwe? Kwa aliyeacha mara ya kwanza, toka tu na uiache. Kwa aliyewahi kuacha na kurudi mara mbili, ifunge. Jina lako halitapewa mtu mwingine, na michezo uliyocheza haipotei kwa wapinzani wako. Hofu kwamba namba itaoza ukikaa mbali haina msingi. FIDE humtia alama ya kutokuwa hai asiyecheza mwaka mzima, namba inabaki. Kwenye Glicko pia namba haishuki, kinachopungua ni uhakika wake.

Wiki mbili za mwanzo mkono unakwenda mfukoni wenyewe, hasa kwenye zile saa ulizozoea. Zile dakika 80 za michezo mitatu ya jioni zipangie kazi yenye mahali: mazoezi Sabasaba, darasa la mtoto, kuzungumza barazani. Saa isiyopangiwa kitu hurudi kwenye simu. Ubao wa plaiwudi usiufiche. Baada ya siku 30 cheza nao barazani, ana kwa ana, bila saa na bila kuandika matokeo. Wanaoharibikiwa hapa ni wale wanaoanza kuhesabu nani kamfunga nani mara ngapi.

Tarehe imefika, namba haijafika

Hapa tumia michezo 40 ya mwisho. Ukiwa umeshinda 22 au zaidi na pengo ni chini ya pointi 50, jipe wiki nne, mara moja tu, na tarehe mpya iandikwe chini ya ile ya kwanza bila kuifuta. Ukiwa umeshinda 20 katika hiyo 40, namba unayoiona ndiyo uwezo wako wa sasa. Kuongeza michezo ya aina ileile hakutaisogeza. Acha kwa mpangilio uleule wa hatua ya tano, na andika namba uliyoishia. Kitu kibaya zaidi ni kuendelea bila tarehe: wiki nne zinakuwa msimu, msimu unaingia minada, na kauntabuku haifunguliwi tena.

Ukirudi baada ya mwaka

Lichess itakuonyesha namba ileile, huenda ikiwa na alama ya kuuliza kama siku ya kwanza, na michezo ya mwanzo itairusha kwa pointi nyingi. Huenda ikaanguka 100 ndani ya jioni mbili, kwa sababu miendo umeikumbuka na umakini bado. Usiweke lengo wala usifungue kauntabuku. Cheza michezo 15 na reitingi ikiwa imefichwa: upo mpangilio wa kuzima namba zote, zako na za wapinzani, kwenye mapendeleo ya akaunti. Uzime kabla ya mchezo wa kwanza.